Uzi wa nyuzi: tartani ya zambarau, chungwa na damu ya mzee, mbona inanitokea tope?

#1 BintiPangani (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Mimi ni mtu wa Pangani, kwa sasa naishi Dundee, Uskoti. Huku nimejifunza kufuma kwenye darasa la jioni na nina mtambo wa mezani wa fremu nne ambao umekula nusu ya sebule. Mwakani, mwezi wa pili, mama yangu anatimiza miaka 70. Watoto wa kike tuko sita, na kwenye shughuli sare ni lazima. Ndugu zangu walisema kanga, kama kawaida. Mimi nikajitia kimbelembele: nitawafumia mitandio ya tartani, ile drafti ya Waskoti, ila kwa rangi zetu.

Rangi zetu ni za kanga moja ya mama ambayo nimekua nikiiona: mji wa zambarau iliyokolea, pindo la chungwa, maua ya damu ya mzee, majani ya kijani cha limau. Inapiga kelele, lakini kelele tamu.

Basi nikachukua rangi hizo nne, nyuzi 20 kila moja, mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za kukatiza) kwa mpangilio uleule, nikafuma kipande cha majaribio. Wakuu, nimetoka na tope la mikoko. Ukiinama karibu unaona kila uzi na rangi yake. Ukirudi nyuma hatua tatu, tope. Mume wangu alikitazama kwa heshima zote akauliza kama bado sijakifua. Halafu miraba yenyewe imetoka mistatili.

Kwenye kanga zinapendana, kwenye drafti zinagombana. Nimekosea wapi? Na je, kuna tartani za rangi za ajabu ajabu zilizowahi kukubali, au hii kazi ni ya bluu na kijani tu?

#2 Chizi_Karata

Uzi kuhusu nyuzi. Nimeweka kiti.

Swali dogo: hiyo mitandio ni ya sufi? Pangani, mwezi wa pili? Dada, shughuli ni ya kumpikia mama au kumpika mama?

#3 SomoWaMvita

Sufu, si sufi. Sufi ni ya msufi, ile tujazayo mito. Sufu ni ya kondoo.

Na nampa hongera mleta uzi kwa kutumia mtande na mshindio. Maneno yapo toka zamani, watu wanayaacha yaoze kamusini.

#4 BintiPangani

Ahsante Somo. Chizi, tulia, ni pamba. Waskoti hutumia sufu, mimi nimetumia pamba nyembamba yenye mng'aro kwa sababu najua joto la kwetu.

#5 MzeeWaVitambaa

Marahaba binti. Nimeuza vitambaa Kariakoo zaidi ya miaka 30, drafti za sare za shule zimenisomeshea watoto, kwa hiyo nitakujibu.

Kanga inapigwa chapa. Rangi inamwagwa juu ya kitambaa, zambarau inakaa kwake, chungwa kwake, kila mtu na ua wake na mpaka katikati. Ni majirani. Wanaweza wasipatane kabisa na mtaa ukapendeza.

Drafti hakuna ujirani, kuna ndoa. Kila rangi ya mtande inakutana na kila rangi ya mshindio, hairuki hata moja. Zambarau inakutana na zambarau mwenzake, hapo unapata mraba safi. Halafu inakwenda kwa chungwa, kwa damu ya mzee, kwa limau. Kila mahali nyuzi nusu kwa nusu. Jicho likiwa mbali haliwezi kuzitenganisha, linazichanganya lenyewe. Kwa hiyo wewe ulidhani umechagua rangi nne, kumbe umechagua nyingi zaidi na hizo nyingine hukuziona dukani.

Limau na damu ya mzee zikichanganyika nusu kwa nusu ni haradali iliyochacha. Chungwa na zambarau iliyokolea ni kahawia. Hapo ndipo tope lako lilipotoka. Rangi zako hazina kosa. Watoto wao ndio hukuwaangalia.

Mistatili ni mkono wako. Kama mtande una nyuzi 10 kwa sentimita, mshindio nao upige 10. Ukipiga kwa huruma zinaingia 8, mraba unarefuka.

#6 HesabuTu

Naongezea namba kwenye maneno ya Mzee, maana zinatisha kidogo.

Rangi 2 zinatoa vivuli 3: mbili safi na mchanganyiko mmoja. Rangi 3 zinatoa 6. Rangi 4 zinatoa 10. Rangi 6 zinatoa 21. Kanuni: zidisha idadi ya rangi kwa idadi hiyo ukiongeza moja, gawa kwa mbili.

Sasa ubaya wa nyuzi 20 kwa 20. Zikiwa sawa, kila rangi ni robo ya mtande na robo ya mshindio. Mraba safi wa rangi moja ni robo ya robo. Rangi nne zote, jumla ya eneo safi ni 25% ya kitambaa. Asilimia 75 ni mchanganyiko. Yaani dada robo tatu ya mtandio wako ni rangi ambazo hukuzinunua.

Dawa iko kwenye upana. Ukiipa rangi moja au mbili uwanja mkubwa, na zile zenye fujo ukazifanya mistari myembamba, michanganyiko mibaya inabaki vidoa.

#7 OleShuka

Nauza mashuka Arusha. Sasa nimeelewa kitu ambacho nimekiona miaka yote. Shuka zinazotoka haraka ni nyekundu pyu na nyeusi tii, au bluu na nyeusi. Rangi mbili, ukizidisha sana tatu. Nyeusi haigombani na mtu, inamtia mwenzake giza tu: nyekundu na nyeusi ni nyekundu nzito, basi. Niliwahi kuletewa shuka za rangi sita, za kijani na pinki na njano humo humo. Kwa karibu zinavutia, mteja akijifunika akasogea barabarani anaonekana kama amevaa gunia. Zilikaa hadi nikazigawa bei ya hasara.

Watalii huniuliza kama Wamasai waliiga Waskoti au Waskoti waliiga Wamasai. Huwa najibu kulingana na pasipoti yake.

#8 Nyaraka

OleShuka umenichekesha. Ila drafti haina mwenyewe duniani. Mtu yeyote mwenye mtambo akitanda kwa mistari na kushindia kwa mistari atapata miraba, atake asitake. Kwenye machimbo ya chumvi ya Hallstatt, Austria, vimetoka vipande vya namna hiyo vya karne nyingi kabla ya Kristo.

Uskoti kipande maarufu ni cha Falkirk, cha karne ya 3. Kilikuwa kimezibia mdomo wa chungu chenye sarafu za Kirumi zinazokaribia 2,000. Na rangi zake ni somo kwa mleta uzi: hakikutiwa rangi kabisa. Ni sufu ya kondoo mweupe na sufu ya kondoo wa kahawia, kama walivyonyolewa.

#9 Chizi_Karata

Kwa hiyo huo ukoo wenye drafti yake tangu enzi za mababu ni changa la macho?

#10 Nyaraka

Si changa la macho lote, lakini ni jipya kuliko linavyouzwa. Nitajaribu kufupisha, najua nina ugonjwa.

Mwaka 1746, baada ya waasi wa milimani Uskoti kushindwa vitani Culloden, sheria ya London ikapiga marufuku mavazi ya kule milimani kwa wanaume na wavulana, isipokuwa askari wa serikali. Marufuku ikafutwa 1782. Katika kipindi hicho na baada yake, waliofuma kwa wingi walikuwa wafumaji wa mijini, hasa Wilson na wanawe wa Bannockburn, ambao waliuzia majeshi. Drafti zao nyingi hazikuwa na jina la ukoo. Zilikuwa na namba, au jina la mji. Mteja anaagiza namba fulani kama anavyoagiza chipsi.

Halafu 1822 Mfalme George IV akaja Edinburgh, mwandishi Walter Scott ndiye aliyepanga sherehe, na mabwana wakubwa wakaambiwa waje na tartani zao. Wengine hawakuwa nazo. Wafumaji wakafanya biashara. Mwaka 1842 kikatoka kitabu cha ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart wakidai wamenakili hati ya kale ya tartani za koo. Hati yenyewe ilikuwa ya kughushi. Ila miundo yao mingi watu waliipenda, wakaivaa, na leo ni tartani halali za koo hizo.

Katika hizo iko jibu la swali lako la rangi za ajabu. Tartani ya MacLeod wa Lewis: njano kali kama mgongo wa bajaji, juu yake milia mitatu minene myeusi na mstari mmoja mwembamba mwekundu. Waskoti wenyewe wanaitania kuwa ni MacLeod wa makelele. Na inakubali! Angalia kwa nini: rangi mbili kubwa tu, moja yenye mwanga kiasi cha kuumiza macho na nyingine nyeusi. Nyekundu imepewa uchochoro.

#11 MzeeWaVitambaa

Huyo aliyebuni alijua kazi, hata kama alighushi karatasi.

#12 SomoWaMvita

Swali kwa Nyaraka: zambarau je? Kule milimani waliipata wapi kabla ya madukani?

#13 Nyaraka

Swali zuri. Kuna utandu unaoota juu ya miamba Uskoti, ukiulowanisha kwa amonia (zamani ilikuwa ni mkojo, tusijifanye) unatoa zambarau. Mwaka 1758 Cuthbert Gordon na wenzake wakachukua hataza ya rangi hiyo wakaitengeneza kiwandani, kwanza Leith, baadaye Glasgow. Kwa hiyo zambarau si mgeni kule. Shida yake ilikuwa kupauka juani.

Karne ya 19 Unguja nayo ilisafirisha utandu wa jamaa hiyo kwenda Ulaya kwa kazi hiyohiyo ya kutia rangi. Kisha mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin, akiwa London anatafuta dawa ya malaria, akapata kwa bahati zambarau ya kemikali. Tangu hapo rangi yoyote ikawezekana, na tartani zikaanza kukolea kupita kiasi. Ndiyo maana huko madukani dada ataona drafti ileile moja inauzwa katika mikolezo mbalimbali: ya kisasa iliyokolea, ya kale iliyopauka, na ile ya kuchakaa kama imezikwa. Mistari ni ileile, hesabu ni ileile.

#14 BintiPangani

Jamani. Nilikuja na kitambaa kibaya, naondoka na digrii.

Nyaraka, hicho kipande cha zamani sana nimekiona kimoja kwa macho yangu. Mwaka 2023 hapa kwenye makumbusho ya V&A Dundee walionesha tartani iliyotolewa kwenye bwawa huko Glen Affric, imepimwa ikaonekana ni ya kati ya 1500 na 1600. Ukiitazama ni rangi ya chai ya rangi iliyolala. Lakini wataalamu walikuta ndani yake kijani, njano na nyekundu. Nilisimama pale nikawaza yule aliyeifuma naye alipiga kelele zake, tope ndilo lililomnyamazisha. Mimi nimeanzia kwenye tope moja kwa moja.

Haya, nimewasikiliza. Muundo wa pili. Waskoti huandika hivi, mimi nimetumia herufi zetu: Z zambarau, C chungwa, D damu ya mzee, L limau, M maziwa.

Z/48 C6 Z12 D24 L4 M/8

Wasiojua: unasoma kutoka kushoto hadi kulia, ukifika kwenye namba yenye mkwaju (/) unageuka kama kwenye kioo na kurudi ulikotoka, bila kuirudia ile ya kugeukia. Rangi ya maziwa nimeiongeza ili pawe na pumziko.

#15 HesabuTu

Mzunguko mzima ni 48, kujumlisha mara mbili ya (6+12+24+4), kujumlisha 8. Nyuzi 148. Kwa nyuzi 10 za sentimita ni mraba wa sm 14.8. Mizunguko 4 ni nyuzi 592, ongeza 8 za maziwa ili uanze na maziwa na umalize na maziwa, 600 kamili. Mtandio wa sm 60. Sijui kama ulipanga au Mungu anakupenda.

Maeneo: rangi safi sasa ni 35%. Zambarau na damu ya mzee zikikutana ni 32%, na hizo ni ndugu, hazitoi tope. Kwa hiyo theluthi mbili ya kitambaa iko salama. Zambarau na chungwa ni kama 8%, zambarau na limau 5%.

#16 SomoWaMvita

Mimi ningehamisha. Chungwa aende katikati ya damu ya mzee, wana damu moja wale, wakizaliana hutoa rangi ya kutu, haichukizi. Limau aende kwenye zambarau. Hivyo hawakutani maadui.

#17 HesabuTu

Somo, samahani, hapo ndipo mtego ulipo. Kuhama hakusaidii. Popote utakapomweka chungwa kwenye mtande, mshindio wa zambarau utampitia tu, maana mshindio unavuka upana wote. Kiasi cha chungwa-na-zambarau ni kilekile 8% hata umfiche wapi. Kinachobadilika ni nani anakaa ubavuni kwa nani na umbo la mraba. Anayepunguza mchanganyiko ni upana peke yake.

#18 SomoWaMvita

Nimefahamu. Lakini ubavuni nako ni muhimu, usinipe hesabu nikakosa macho. Chungwa ubavuni kwa zambarau huwaka. Ubavuni kwa damu ya mzee hupoa.

#19 HesabuTu

Hapo sina la kupinga.

#20 OleShuka

Kwani lazima mtande na mshindio vifanane? Weka chungwa kwenye mtande tu, limau kwenye mshindio tu. Maadui wanapungua.

#21 MzeeWaVitambaa

Ole, ukifanya hivyo chungwa haitapata hata mraba mmoja safi, kila mahali itakuwa imevuliwa nusu nguo. Na Waskoti hutanda na kushindia kwa mpango mmoja, miraba ndiyo inalingana kwa sababu hiyo. Kitambaa kitakuwa kizuri labda, ila usikiite tartani.

Binti, kabla hujatanda, fanya jambo moja. Panga nyuzi zako mezani kwa upana huohuo, zipige picha kwa simu, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Uje utuambie unaona nini.

#22 BintiPangani

Mzee wangu. Nimefanya. Zambarau na damu ya mzee zimekuwa kitu kimoja, uwanja mzima mweusi. Chungwa, limau na maziwa zimebaki kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Drafti hakuna.

#23 MzeeWaVitambaa

Ndivyo. Watu wa vitambaa tunasema jicho huona mwanga kwanza, jina la rangi baadaye. Zambarau yako na damu ya mzee zina giza sawa. Kwa mbali miraba inapotea, hata kama karibu ni rangi mbili tofauti kabisa. Ile tartani ya jeshi la Waskoti, ya kijani, bluu na nyeusi, iko hivyo: mita ishirini ni nyeusi tu. Kwao ni sawa, askari hataki kuonekana. Shughuli ya Pangani watu wanataka waonekane.

Mmoja kati ya hao wawili lazima apande mwanga. Damu ya mzee ukiipandisha inakuwa pinki, utalia. Pandisha zambarau. Tafuta ile ya maua ya mjakaranda.

#24 Nyaraka

Mfano wa kuhusu mwanga: Albert, mume wa Malkia Victoria, alibuni tartani ya Balmoral mwaka 1853. Uwanja wote kijivu, kuiga mawe ya matale ya sehemu ile, na mistari michache myekundu na myeusi. Kwa wakati ule ilikuwa ajabu ya kimyakimya. Lakini vijivu vyake vimepishana mwanga, ndiyo maana miraba inaonekana. Usiinakili tu, ile imewekewa familia ya kifalme.

#25 Chizi_Karata

Kwani kuna drafti za kushtakiwa? Kesho dada akamatwe kwa mtandio?

#26 BintiPangani

Hapana Chizi. Kuna Rejista ya Tartani ya Scotland, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 ikafunguliwa 2009, inatunzwa na serikali. Mtu yeyote wa nchi yoyote anaweza kuomba kuandikisha muundo wake, analipa ada. Uwe haufanani na uliopo, uwe unafumika kweli, na jina ulilolipa uwe na uhusiano nalo. Huwezi kuamka ukaandikisha jina la ukoo wa watu. Pia kuandikishwa hakukupi hakimiliki, ni kumbukumbu tu. Mwalimu wangu alitueleza hayo siku ya kwanza kwa sababu kila darasa kuna mtu anayedhani atatajirika.

Narudi na kipande.

#27 BintiPangani

Nimerudi. Ilinichukua wiki tatu kwa sababu ya zamu za kazini na mafua.

Kwanza nilikosea tena, acheni niseme. Nilipata uzi wa mjakaranda mzuri sana, nikapata na chungwa jipya kwa bei ya kutupa. Nikafuma, nikafua. Chungwa lilichuja likaingia kwenye maziwa yote. Maziwa yakawa ya chai.

#28 MzeeWaVitambaa

Uzi wa bei ya kutupa! Chukua kipande cha kila uzi, funga kwenye kitambaa cheupe pe, tumbukiza kwenye maji ya moto na sabuni, acha usiku kucha. Anayechuja utamjua asubuhi. Ningekuambia mapema, kosa langu.

#29 BintiPangani

Nimefanya hivyo kwa chungwa lingine, la bei halali. Halikutoa hata machozi.

Muundo wa tatu, J ni mjakaranda:

J/48 C6 J12 D26 L2 M/8

Limau nimelibana hadi nyuzi mbili kila upande, zile mbili nilizolinyang'anya nimempa damu ya mzee. Jumla bado 148. Nimepiga mshindio kwa rula mkononi, 10 kwa sentimita, miraba ni miraba.

Wakuu. Imekubali.

Mjakaranda na damu ya mzee zikikutana zimezaa zambarau lenyewe, lile tunda, likiwa halijaiva sawasawa. Chungwa juu ya mjakaranda limetoa rangi ya kigae, sikuitarajia kabisa na ndiyo naipenda kuliko zote. Limau ni unyuzi tu, karibu huwezi kulitaja, lakini nilijaribu kipande bila limau kikawa kama kimefiwa. Kwa kuwa ufumaji ni wa mshazari, juu ya mbili chini ya mbili, kila palipochanganyika pana vimistari vya kulala upande kama mvua ya upepo. Kwenye picha ya nyeusi na nyeupe miraba yote ipo.

Ile kanga ya mama haimo. Nilitaka kuihamisha, haikuhama. Hii ni kama binamu yake.

#30 OleShuka

Picha tafadhali. Maneno hayavaliwi.

#31 SomoWaMvita

Rangi ya kigae! Yakhe, hiyo ndiyo ningeifanya uwanja mzima.

#32 HesabuTu

Somo, rangi ya kigae hainunuliwi, ni mtoto wa wawili. Ukiinunua kama uzi, nayo itaanza kuzaa na wengine.

Dada, vifaa: kwa kila mtandio nyuzi 600 zinagawanyika mjakaranda 288, damu ya mzee 208, chungwa 48, maziwa 40, limau 16. Mitandio sita ya mita mbili pamoja na hasara ya mtambo, tanda mita 13: nyuzi 600 kwa mita 13 ni mita 7,800. Mshindio nao karibu mita 7,200. Jumla kilomita 15 za uzi. Ni Pangani mjini kwenda mbali kidogo.

#33 MzeeWaVitambaa

Usitande mita 13 mara moja kwenye mtambo wa mezani, utalegea katikati na miraba itakimbia. Fanya awamu mbili, mitatu mitatu. Na nunua rangi zote siku moja, mkupuo mmoja wa kiwandani, angalia namba ya mkupuo kwenye karatasi. Mjakaranda wa Januari si wa Machi.

#34 BintiPangani

Sawa Mzee wangu, nimeandika yote.

Nimetuma picha kwenye kundi la familia. Dada zangu wanne wameweka mioyo. Wa tano kasema kwake rangi ya kigae inamfanya aonekane mgonjwa, atavaa lakini atanuna. Mama kaipanua picha, kaitazama muda, halafu kanipigia simu. Kauliza swali moja tu: "Nzuri. Jina lake nani?"

Kwake kitambaa bila jina ni pazia. Nikamwambia tartani haiandikwi maneno kama kanga. Akasema basi nikatafute.

#35 Chizi_Karata

"Mmenikuta na Rangi Zangu."

#36 SomoWaMvita

Chizi kwa mara ya kwanza umesema jambo. Lakini jina la rejista lisiwe la mipasho, watu wa serikali watauliza tafsiri.

#37 BintiPangani

Nimecheka hadi mume wangu kaja kuangalia. Nampelekea mama jioni hii, yeye ndiye atakayeamua. Kesho naanza kupitisha nyuzi kwenye mtambo, mia sita, mmoja mmoja. Tutaonana zikiisha.